Mwanamume katika Matope: Kazuo Shiraga na Uanaume wa Japani baada ya Vita

Mara ya kwanza nilipoiona picha hiyo nilicheka. Ni picha ya mnato, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa Tokyo mwezi Oktoba 1955 katika ua wa jumba la Ohara. Mwanamume wa miaka 31, amevaa kaptura tu, yumo ndani ya lundo la matope na ametapakaa matope mwili mzima. Huwezi kujua kama anapigana, anazama au anazaliwa. Aliyenionyesha aliniambia kwamba hiyo ni kazi ya sanaa, na kwamba mwanamume huyo, Kazuo Shiraga, ni miongoni mwa wachoraji wakubwa wa Japani wa karne ya 20. Nikaacha kucheka, lakini sikuelewa.

Kazi yenyewe inaitwa *Doro ni idomu*, yaani kuyakabili matope. Shiraga aliandaa takriban tani moja ya mchanganyiko wa udongo wa kukandikia kuta, saruji, mchanga na kokoto, akajitosa ndani yake na kupigana nao kwa mikono, miguu na kiwiliwili mpaka akachoka. Alitoka na michubuko. Alama zilizobaki kwenye matope ziliachwa palepale ili watazamaji wazitazame kama ambavyo wangetazama mchoro ukutani. Alirudia jambo hilo zaidi ya mara moja wakati wa maonyesho hayo, ambayo yalikuwa ya kwanza kuandaliwa Tokyo na kundi la Gutai.

Wengi walioandika kuhusu tukio hilo wameliweka katika historia ya sanaa ya utendaji. Mmarekani Allan Kaprow, katika kitabu chake cha 1966, aliwataja Gutai kama watu waliomtangulia. Sina ugomvi na historia hiyo. Ila mimi nauliza swali jingine: huyu aliye katika matope ni mwanamume wa namna gani? Japani ilikuwa imeshindwa vita miaka kumi tu iliyopita, na wanaume wake walikuwa wamelelewa tangu utotoni kufa kwa ajili ya mfalme. Shiraga alizaliwa Agosti 12, 1924. Alitimiza miaka 21 siku tatu kabla ya sauti ya mfalme kusikika redioni ikitangaza kwamba vita vimekwisha.

Kabla sijaendelea niseme neno kuhusu neno. Kiswahili kina *uume*, *urijali* na *uanaume*. La kwanza limeelemea mno mwili, la pili limeelemea nguvu. Mimi natumia *uanaume* kwa maana ya kile ambacho jamii inamdai mtu wa kiume kabla haijamhesabu kuwa mwanamume. Anayejua jando anajua kwamba hesabu hiyo haifanywi siku ya kuzaliwa. Hufanywa baadaye, kwa vifaa maalumu, mahali maalumu, mbele ya wakubwa, na wanawake wakiwa mbali. Nitarudi kwenye hilo la mwisho, maana ndilo lililonisumbua zaidi.

Uanaume waliofundishwa vijana wa rika la Shiraga ulikuwa na umri mdogo kuliko ulivyodai. Chini ya utawala wa ukoo wa Tokugawa, kuvaa panga mbili kulikuwa haki ya samurai peke yao. Mkulima, fundi na mfanyabiashara walikuwa na maadili yao, na hakuna aliyewataka wawe mashujaa wa upanga. Mambo yaligeuka baada ya mapinduzi ya Meiji. Sheria ya 1873 iliwalazimisha wanaume wa matabaka yote kuingia jeshini, na mwaka 1876 samurai wenyewe wakakatazwa kubeba panga hadharani. Upanga ulitoka kiunoni mwa wachache, lakini roho yake ikagawiwa kwa wote. Agizo la mfalme kwa wanajeshi la 1882 liliwafundisha askari, wengi wao wana wa wakulima, kwamba uaminifu ndio wajibu wao wa kwanza. Hata kitabu cha Nitobe kuhusu *bushido*, ambacho watu wengi nje ya Japani hukichukua kama sauti ya kale, kilitoka mwaka 1900, na kiliandikwa Marekani kwa Kiingereza. Kwa maneno mengine, mila ya samurai iliyowapeleka vijana vitani katika miaka ya 1940 ilikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya serikali ya kisasa.

Shiraga hakutoka kwenye upanga. Familia yake ilifanya biashara ya nguo za kimono huko Amagasaki, mji wa viwanda ulio kati ya Osaka na Kobe. Huko kuna sherehe ya *danjiri*, ambapo wanaume wa mitaa husukuma na kukokota magari makubwa ya mbao yaliyonakshiwa. Katika sherehe ya Amagasaki magari mawili hukabiliana na kugongana, kila upande ukijaribu kuukalia mwingine. Watu huumia. Shiraga aliishuhudia akiwa mtoto, na alipokuwa mtu mzima alieleza kwamba fujo na damu ya sherehe ile haikumtoka akilini.

Nadhani hapa ndipo ufunguo ulipo, na ndipo ninapotofautiana na wale wanaomsoma kama mwangwi wa vita tu. Mji wa wafanyabiashara ulikuwa na uanaume wake, wenye kelele, jasho, utani na mwili ulio wazi, na haukupitia kambi ya jeshi. Katika sherehe hakuna anayetumikia mfalme. Mtu anatumikia mtaa wake na mungu wa hekalu lake, na kesho yake anarudi dukani kupima vitambaa.

Alisomea uchoraji Kyoto na kuhitimu mwaka 1948. Fani yake ilikuwa *nihonga*, uchoraji wa jadi ambao rangi zake hutokana na madini yaliyosagwa na kuchanganywa na gundi itokanayo na wanyama. Ni kazi ya subira. Chembe za rangi hutandazwa tabaka juu ya tabaka, na mkono unaotetemeka huharibu kila kitu. Shiraga hakuipenda. Alitaka kitu kinachonata, kinachoteleza na kinachokataa kutii, akakipata katika rangi ya mafuta. Aliacha brashi akatumia vidole na kucha, kisha mwaka 1954 akatandaza karatasi sakafuni na kuanza kuchora kwa miguu. Baadaye alifunga kamba darini, akaishika kwa mikono, na kuteleza juu ya mafungu ya rangi huku akibembea. Michoro iliyotokea ina mistari minene kama nyayo za mtu aliyekuwa akikimbia kwenye utelezi, ambavyo ndivyo ilivyokuwa.

Ni rahisi kusema kwamba kwa kuacha *nihonga* aliacha jadi. Mimi naona aliacha jadi ya studio akaifuata jadi nyingine, iliyokuwa chini ya miguu yake. Udongo wa 1955 ni mfano mmoja. Ule haukuwa udongo wowote tu. Ni ule ambao mafundi wa Japani wamekuwa wakiukanda kwa karne nyingi na kuupaka juu ya fito za mianzi ili kupata ukuta. Huku kwetu, ambako watu bado wanakanyaga udongo kwa miguu kabla ya kukandika nyumba, msomaji haitaji kuelezwa kwamba hiyo ni kazi ngumu. Kinachoshangaza ni kwamba fundi amejitia ndani ya udongo na hakuna nyumba inayojengwa. Na kwa kuwa mtu anayepigana nusu uchi juu ya udongo humkumbusha kila Mjapani mieleka ya sumo, tusisahau kwamba uwanja wa sumo nao hujengwa kwa udongo, huzikiwa sadaka katikati, hubarikiwa kwa ibada, na hutupiwa chumvi kabla ya pambano. Katika sumo kuna mpinzani, mwamuzi na mshindi. Shiraga aliondoa vyote vitatu, ukabaki mwili na udongo.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1957, Gutai walipopanda jukwaani Osaka. Shiraga alitoka na igizo aliloliita *Sanbaso* ya kisasa kupindukia, amevaa vazi jekundu lenye kofia ndefu iliyochongoka na mikono mirefu kuliko mikono ya binadamu. *Sanbaso* ya asili ni ngoma ya ibada inayofungua maonyesho ya sherehe katika tamthilia za jadi. Mchezaji wake hukanyaga ardhi kwa vishindo kuomba baraka ya mazao, kisha hutikisa njuga kana kwamba anapanda mbegu. Nilipojifunza hilo ndipo nilipoacha kuiona miguu ya Shiraga kama kituko cha msanii anayetafuta jina. Kukanyaga ni ibada ya zamani sana. Yeye aliichukua na kuihamishia kwenye karatasi.

Lazima niseme pia kwamba si kila mwanamume wa Gutai alikuwa akitokwa jasho. Mwenzake Akira Kanayama, waliyekuwa naye tangu siku za kundi dogo lililoitwa Zero, mwaka 1957 alianza kuchora kwa kutumia kigari cha kuchezea kilichoendeshwa kwa mbali na kumwaga rangi kilipopita. Napenda kuwawazia wawili hawa pamoja: mmoja anajirusha kwa kamba kama nyani, mwingine amesimama kando na kifaa mkononi, nguo zake safi. Jiro Yoshihara, aliyeanzisha Gutai mwaka 1954 katika mji wa Ashiya, alidai kila mwanachama afanye kisichowahi kufanywa na mtu. Jina lenyewe la kundi lina maana ya kitu kinachoshikika, na limeandikwa kwa alama mbili, ya chombo na ya mwili. Kanayama alichukua chombo. Shiraga alichukua mwili.

Kuanzia 1959 michoro yake mingi ilipewa majina ya mashujaa 108 wa riwaya kongwe ya Kichina inayojulikana Japani kama *Suikoden*. Mchoro mmoja wa mwaka huo umebeba lakabu ya shujaa mmoja, Shetani wa Nywele Nyekundu. Mashujaa hao si askari wa mfalme. Ni majambazi na watoro waliokimbilia kwenye vinamasi baada ya kuonewa na maafisa. Huko Japani walipendwa sana na watu wa mjini, hasa baada ya mchoraji Kuniyoshi kuanza kuwatoa katika picha za chapa ya mbao karibu 1827, baadhi yao wakiwa na chale na michoro mwilini, kama Shi Jin mwenye majoka tisa. Wazima moto na vibarua waliiga, wakachora migongo yao. Serikali ya Meiji ilipotaka raia wanaofaa kuonekana na wageni, ilipiga marufuku uchoraji huo wa miili mwaka 1872, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi 1948. Kwa hiyo Shiraga alipochagua majina ya *Suikoden*, alikuwa akiita uanaume wa vichochoro ambao dola ilikuwa imeufukuza.

Hapo ndipo hoja yangu ilipokuwa imefika katika rasimu ya kwanza, na niliridhika nayo. Shiraga, nilisema, alikataa uanaume wa jeshi na kurudisha uanaume wa mji. Bado naamini sehemu kubwa ya hoja hiyo. Lakini kuna mambo mawili yaliyokataa kuingia ndani yake.

La kwanza ni damu. Shiraga alipenda mno rangi nyekundu iliyokolea, ile inayokaribia weusi, na hakuficha kwamba ukatili ulimvutia. Katika maonyesho ya wazi ya Ashiya, Julai 1955, alisimamisha nguzo za mbao zilizopakwa rangi nyekundu, akaziegemeza zikakutana juu kama kibanda, kisha akaingia ndani na kuzikatakata kwa shoka. Kazi hiyo aliiita *Karibuni, ingieni*. Mwaka 1963 alibandika ngozi ya nguruwe mwitu kwenye ubao na kuimwagia rangi nyekundu iliyoganda kama donda, akaiita *Uwindaji wa Nguruwe Mwitu*. Ngozi na machinjo vina historia nzito Japani. Kwa karne nyingi waliofanya kazi hizo walitengwa kama watu najisi, na nyama ya nguruwe mwitu iliuzwa kwa jina la nyangumi wa mlimani ili mlaji asijione ametenda dhambi. Kuweka ngozi ile ukutani mwa nyumba ya sanaa kulikuwa ni kuwaonyesha watazamaji jambo walilozoea kulifunika kwa jina jingine. Hata hivyo siwezi kudai kwamba mtu anayepiga shoka nguzo nyekundu miaka kumi baada ya vita ameshaagana na vita. Pengine ukweli ni kwamba alikuwa na ukatili ule ule waliokuwa nao wenzake, ila aliuelekeza kwenye mbao, udongo na ngozi ya mnyama aliyekwisha kufa, mahali ambapo hakuna wa kuuawa. Naliona hilo kuwa jambo kubwa, ingawa si sawa na kuukataa.

Mwaka 1971 alitawazwa kuwa mtawa wa madhehebu ya Tendai katika hekalu la Enryakuji, mlima Hiei. Alipewa jina la kitawa la Sodo. Baadhi wanaona kwamba ukatili uliishia hapo. Mimi sioni hivyo. Aliendelea kuchora, na tangu hapo alisali mbele ya Fudo Myoo kabla ya kukanyaga rangi. Fudo si sura ya upole: ana upanga mkononi, kamba katika mkono mwingine, na moto mgongoni. Kwa miaka kadhaa Shiraga alitumia ubao mrefu kusukuma rangi na kuchora miduara, kisha akairudia kamba na miguu. Isitoshe, Hiei wenyewe ulisifika zamani kwa watawa wapiganaji, hadi Oda Nobunaga alipouchoma mwaka 1571, miaka 400 kamili kabla ya Shiraga kunyolewa kichwa.

Jambo la pili ni zito zaidi, na kama nilivyosema, linahusu nani anawekwa mbali. Nilipoandika orodha ya mahali pote ambapo Shiraga alichota uanaume wake, niligundua kitu ambacho nilipaswa kukiona mapema. *Danjiri* ni mchezo wa wanaume. Uwanja wa sumo ya kulipwa haukanyagwi na mwanamke: mwezi Aprili 2018 huko Maizuru, wanawake waliokimbilia uwanjani kumwokoa meya aliyeanguka ghafla waliamriwa kwa kipaza sauti watoke. Majambazi wa *Suikoden* ni udugu wa wanaume, mashujaa wa kike humo ni watatu tu kati ya 108. Mlima Hiei ulikuwa haramu kwa wanawake mpaka serikali ilipoondoa katazo hilo mwaka 1872. Alitoka kambini, ndiyo, lakini hakutoka nje ya ua.

Na ndani ya nyumba yake alikuwepo msanii mwingine.

Fujiko Shiraga alizaliwa 1928 na waliingia Gutai pamoja mwaka 1955. Katika maonyesho yale yale ya Ashiya ambako mumewe alishika shoka, yeye alileta ubao mrefu mweupe wenye ufa uliopita ndani yake kwa kupindapinda. Baadaye alifanya kazi na *washi*, karatasi ya jadi itengenezwayo kwa nyuzi za magome ya miti, ambayo ni laini kwa macho lakini haichaniki kirahisi. Aliichana, akaikunja, akaibandika tabaka kwa tabaka, mara nyingi nyeupe juu ya nyeupe, hata mtazamaji hulazimika kusogea karibu ili aone mahali ilipopasuka. Ikiwa tunatafuta mtu wa Gutai aliyetumia malighafi ya jadi kwa ujasiri, sioni kwa nini tuanze na mwingine.

Mwaka 1961 aliacha. Alitoka Gutai na kuacha kazi yake mwenyewe ili amsaidie mumewe. Mwaka uliofuata Shiraga alifanya maonyesho yake ya kwanza ya peke yake Paris, katika nyumba ya sanaa ya Stadler. Ile kamba inayobembea, ile miguu inayoteleza, ilihitaji mtu mwingine chumbani: wa kuandaa rangi, wa kuimwaga mahali inapotakiwa, wa kutazama kutoka kando wakati anayechora hawezi kujiona. Mtu huyo alikuwa Fujiko. Katika filamu zinazoonyesha Shiraga akifanya kazi, jicho humfuata yeye anayebembea, na ni lazima ujilazimishe kumtazama anayesimama ukingoni mwa turubai akiwa na rangi.

Hapa siwezi kuandika kwa uhakika wa mwanasheria. Ndoa ya watu wawili ina mambo ambayo mtu wa nje hayaoni, na inawezekana kwamba Fujiko aliona michoro ile kuwa yake pia, kazi ya mikono minne na miguu miwili. Kama ni hivyo, basi tuliyekuwa tukimwita mwanamume aliye peke yake dhidi ya maada hakuwa peke yake hata siku moja baada ya 1961, na jina moja kwenye lebo ndilo lenye kasoro. Na kama sivyo, kama aliacha *washi* yake kwa sababu nyumba haikuwa na nafasi ya wasanii wawili, basi uanaume ule uliojengwa kwa udongo na rangi ulikuwa na gharama, na aliyeilipa hakuonekana pichani. Natofautiana na wanaosema tuchague moja. Sijaona kinachozuia yote mawili yawe kweli ndani ya nyumba moja kwa miaka zaidi ya 40.

Shiraga alifariki Aprili 2008. Michoro yake imeuzwa minadani kwa mamilioni ya euro, na mwaka 2013 jumba la Guggenheim la New York liliwapa Gutai maonyesho makubwa. Fujiko alifariki 2015, mwaka ambao kazi za wawili hao zilionyeshwa pamoja huko huko New York.

Nimeirudia rasimu yangu ya kwanza kuona nilikuwa nimesema nini juu yake. Jina lake lilikuwemo mara moja tu, katika sentensi iliyohusu mwaka ambao Shiraga alioa.